Dubu Ndiye Anayevaa Barakoa Yangu

Bi Naima mpendwa, shikamoo.

Naomba msaada wako, ila kabla sijaomba kuna kitu inabidi nikiseme ambacho sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu Loveness, wala kwenye maombi maana naona Mungu atakuwa ameshachoka kuniangalia: ile mashine niliyopewa hospitali ya kunisaidia kupumua nikilala, mie siivai. Anaivaa dubu. Dubu wa manyoya, mdoli, yule niliyeletewa zawadi siku ya kipaimara, ndiye kila usiku anafungwa barakoa usoni na mikanda nyuma ya masikio, anapuliziwa upepo mpaka kunakucha, na mie nipo pembeni yake nakoroma kama kawaida.

Nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha nne, tunakaa Madale. Kama Kiswahili changu kitakuwa kimepinda unisamehe, shuleni tunasemeshwa Kiingereza mpaka kwenye foleni ya chakula na nyumbani mama ni mwalimu wa shule ya msingi, ukichanganya lugha mbele yake anakusahihisha hata kama unalia. Pia ujue mie ni mtu wa aibu mno. Darasani nikijua jibu namwandikia Loveness kwenye daftari lake anyooshe mkono yeye, anasifiwa yeye, na mie naridhika kabisa. Kwa hiyo usishangae kwamba nakuandikia wewe wa gazetini badala ya kupiga simu kwenye vipindi vya ushauri redioni.

Ilianza hivi. Mie nakoromaga tangu mdogo, waliwahi kunitoa mafindofindo nikiwa darasa la tatu nikatulia kidogo halafu ikarudi, nyumbani wakazoea, yaani ukoo wa baba wote wanalala hivyo, baba mwenyewe akilala kwenye kochi baada ya taarifa ya habari unasikia vikombe vinatetemeka. Lakini mwaka jana nikaanza kusinzia hovyo, nasinzia kwenye kipindi, nasinzia kwenye gari la shule, naamka asubuhi kichwa kinauma kama nilipigana, halafu ikaja siku ya mtihani wa Baiolojia nikalala. Sio kusinzia, kulala, shavu juu ya mchoro wa moyo, na nilipoamka msimamizi alikuwa amesimama juu yangu na darasa zima linacheka, kwa sababu eti nilikoroma mpaka chumba cha pili wakauliza kama kuna mtu amewasha jenereta. Jenereta. Ndiyo jina langu shuleni mpaka leo.

Mama akanipeleka hospitali, nikalazwa na nyaya kichwani kama taa za Krismasi, na daktari, anaitwa Dokta Adelard, akatueleza kwamba nina tatizo la kukatika pumzi usingizini, kidevu changu kimekaa nyuma kama cha baba, nikilala koo linajifunga, hewa inakatika, ubongo unaniamsha bila mie kujua, ninavuta pumzi, ninalala, linajifunga tena, hivyo hivyo usiku kucha. Ndipo nikapewa mashine.

Bi Naima, sijui kama umewahi kuiona. Yenyewe ni ndogo kama redio, inatoka mpira mrefu kama wa kumwagilia bustani, mwisho wa mpira kuna barakoa inayofunika pua na mdomo, halafu mikanda ya kichwani. Ukiiwasha inakusukumia upepo ili koo lisijifunge. Kwa maelezo ni kitu kizuri. Kwa kuvaa, ni kama kutoa kichwa dirishani gari likiwa mwendo kasi na mtu amekushika usirudi ndani. Mdomo unakauka mpaka ulimi unagandia juu. Tumbo linajaa hewa, asubuhi nabeua mfululizo wakati mama anasoma neno la siku. Mikanda inaacha mistari kwenye mashavu haiishi mpaka saa nne, Loveness aliniuliza kama nyumbani wananipiga. Nimeota kipele kwenye mgongo wa pua ambacho sasa kina makazi ya kudumu. Umeme ukikatika ndo balaa, unashtuka umezibwa uso na plastiki, gizani, unaitafuta mikanda huioni. Na mdogo wangu Gaspar kila jioni anasimama mlangoni: "Sista, leo unajaza upepo matairi mangapi? Mie nina baiskeli hapa, nitalipa kesho." Ukimfukuza anakwenda kufanya sauti ya kompresa ukutani.

Nilivumilia wiki kadhaa, kweli nilivumilia, halafu siku moja nikaivua. Sasa tatizo, ukiivua upepo unapiga kelele, shhhhh, kama jiko la gesi linavuja, na ukiizima kabisa kunakuwa kimya, na mama ambaye chumba chake ni cha jirani hawezi kulala bila kusikia mlio wa mashine, anagonga ukuta, "Mwanangu, mbona kimya? Unapumua?" Nikawa nimekaa kitandani na barakoa mkononi, nimechoka, nataka kulia, dubu ananiangalia. Nikambandika. Uso wake ukaingia vizuri kabisa, mlio ukarudi ule wa kawaida, na nikamsikia mama upande wa pili anasema, "Asante Yesu."

Ningeishia hapo labda ingekuwa utoto tu. Ila mama yangu si mtu wa kushukuru kimyakimya. Jumapili moja baada ya hapo nikashtukia tunaitwa mbele kanisani, familia nzima, baba kavaa tai, Gaspar kachomekea, kwaya inaimba, na mama akashika kipaza sauti akasema binti yangu alikuwa halali, sasa analala kama malaika kwa sababu ya mashine aliyoletewa na Mungu kupitia madaktari, nausikia mlio wake kila usiku nakosa hata maneno. Watu wakapiga vigelegele. Mchungaji akaniwekea mikono kichwani. Kanisa zima, Bi Naima, linashangilia dubu. Nilitaka sakafu inimeze. Ungekuwa wewe ungemwambia mama saa hiyo? Au jioni yake, wakati bado anapigiwa simu za hongera?

Sasa sikiliza ilivyozidi. Kumbe mashine inaandika kila kitu ndani yake. Tukaenda kliniki, kuna kaka anaitwa Anwar ndiye anayesoma zile habari kwenye kompyuta, akasema, "Masaa ya kuivaa ni mazuri sana, hongera, ila barakoa inavuja hewa." Itaachaje kuvuja, imekaa juu ya manyoya! Mie kimya. Akanibadilishia ya saizi nyingine. Ikavuja. Akabadilisha tena. Mama akaanza kunikaza mikanda mwenyewe kabla ya kulala, anavuta kama anafunga mzigo wa safari, halafu anaondoka, mie navua, namvalisha mwenzangu. Tukirudi kliniki Dokta Adelard ananiuliza, "Bado unasinzia?" Nasema ndiyo, kwa sababu hilo ni kweli. "Na kichwa?" Kinauma. Basi akaona upepo hautoshi, wakaongeza nguvu. Siku moja roho ikanisuta nikajaribu kuivaa, upepo ukaniingia mashavu yakavimba kama mpiga tarumbeta, nikaitupa kule. Yaani kwa mikono yangu mwenyewe nimeifanya iwe mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Na juzi ndo imefika mwisho. Daktari amesema binti anatumia mashine vizuri, nguvu tumeongeza, barakoa tumebadilisha, bado haimsaidii, basi mashine haimfai huyu, nitawaandikia mkaonane na bingwa wa upasuaji wa taya. Kulikata na kulivuta mbele. Alhamisi ya wiki ijayo tunarudi kuchukua hiyo barua. Mama alijikaza mpaka tukafika kwenye gari halafu akalia, akajifuta, akasema, "Tutakwenda popote. Popote." Baba anasema, "Kwani taya langu mbona sijalikata? Ukoo wetu ndivyo tunavyolala." Na Shangazi Tupokigwe kutoka Tukuyu ametuma ujumbe wa sauti mrefu, anasema hilo ni jinamizi linanikalia kifuani, niombewe, na pia nishonewe parachichi bichi mgongoni mwa gauni la kulalia ili nisilale chali.

Wakati huohuo kidato cha nne wote tunaingia kambi ya mtihani, tunahamia bwenini shuleni mpaka tumalize. Bweni letu lina soketi moja tu inayofanya kazi, ipo kwenye chumba cha kupigia pasi. Dubu siwezi kwenda naye. Mashine nikienda nayo wataiona wote, Jenereta kaja na jenereta. Nisipokwenda nayo nitakoroma wasikie. Ndo nikaona Instagram kuna mtu anauza kidude cha plastiki cha kung'ata, unakiloweka kwenye maji ya moto, unang'ata, kinavuta taya mbele, kinakaa mdomoni hakuna anayejua, picha zote watu wanatabasamu. Nimeshamwandikia nikafuta, nikamwandikia tena, bado sijatuma.

Kwa hiyo naomba unichagulie. Nirudi kwenye mashine? Nimwambie mama imeharibika ninunue kile kidude? Au nikubali tu upasuaji? Usinicheke, kuna siku naona afadhali huo, maana ukikatwa umelala hakuna anayekuuliza kitu, na ukiamka watu wanakuonea huruma. Afadhali nikatwe taya kuliko kumwona mama anagundua alimshukuru Mungu kwa ajili ya mdoli. Au kuna njia ya nne ambayo mie siioni? Nimechoka, Bi Naima. Nimechoka na mashine, nimechoka na dubu, nimechoka hata na usingizi wenyewe, watu wengine wanafunga macho tu wanalala, wanafanyaje?

Nasikia ndala za mama kwenye korido, ametoka kuanua nguo. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeweka atlasi juu ya karatasi, akipita naifunika, ameshapita mara mbili nimeifunika. Sasa hivi anakuja kabisa, amesimama kumwambia Gaspar kitu, anakuja. Mkono umechoka. Atlasi naitoa. Naiacha karatasi hapa hapa, na dubu yupo kitandani na barakoa yake kama alivyoamka, aje aone

*

Bi Naima, habari za kazi. Mimi ndiye mama yake. Niliingia na nguo za kukunja, nikakuta karatasi iko wazi mezani na yeye amekaa ananitazama, kalamu bado anayo. Nimesoma yote nikiwa nimesimama. Mungu anisamehe, kwanza nilicheka, kwenye lile parachichi. Kisha nikakaa kitandani nikamvua yule dubu barakoa, nikaona manyoya yake yamelala mistari pale mikanda inapopita. Mistari ile ile niliyokuwa nikiiona kwenye mashavu ya mwanangu mwanzoni, ikatoweka, nikadhani amezoea.

Sijui nimchape au nimkumbatie. Yeye analia, mimi nakunja nguo ambazo nimeshazikunja. Sentensi yake ya mwisho haina nukta lakini nimeiacha hivyo hivyo. Barua naituma mwenyewe. Mjibu, na mimi pia usinifiche kitu.

Mama yake, Madale.

*

BI NAIMA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako nikacheka, nikakasirika, nikaiweka chini, nikaenda kunywa chai, nikairudia. Sasa kaa vizuri, maana nitakusema, na nikimaliza nitakusaidia, na vyote viwili ni kwa sababu nimekupenda.

Unaniuliza nikuchagulie kati ya mashine, kidude cha Instagram na kisu. Nitakuchaguliaje? Mashine hujaijaribu! Uliivaa wiki chache, ikakusumbua, ukaiachia dubu. Tangu hapo kila kilichosomwa kwenye kompyuta ni habari za dubu. Kaka wa watu amebadilisha barakoa kwa vipimo vya dubu. Daktari ameongeza upepo kwa ajili ya dubu. Na sasa anataka kumpeleka kwa bingwa wa taya mtoto wa miaka kumi na sita kwa sababu dubu hakupata nafuu. Unaniambia afadhali nikatwe. Mwanangu, hivi unajisikia unachosema? Aibu yako imekuwa ghali kiasi cha kulipiwa na mfupa?

Haya. Hasira imeisha. Upande mwingine nakuelewa. Nimempigia daktari mmoja wa masikio, pua na koo ninayemwamini, sikumtajia jina lako wala la hospitali. Anasema wanaoivua mashine hiyo usiku ni wengi mno, watu wazima na akili zao, na wote wakifika kliniki wanatazama dari. Wewe si wa kwanza kuivua. Ni wa kwanza kumvalisha mnyama. Kwa hiyo acha kujiona mhalifu. Kosa lako si kushindwa kulala na upepo usoni. Kosa lako ni kunyamaza wakati watu waliokaa mbele yako, kazi yao ni hiyo hiyo ya kuurekebisha huo upepo, wanakuuliza.

Maana yale yote uliyoyaandika, mdomo kukauka, tumbo kujaa, kipele puani, hayo uliniandikia mimi mwandishi wa gazeti. Kaka Anwar uliwahi kumwambia? Hukumwambia. Sasa sikia alichoniambia yule daktari. Mdomo ukikauka kuna sehemu ya kuweka maji ndani ya mashine, inautia upepo unyevu. Tumbo likijaa upepo huenda ni nguvu imezidi, na yako imezidi kweli, kwa hiyo usiivae tena hivyo ilivyo. Mama apige simu kliniki kesho asubuhi, msisubiri Alhamisi, aseme wazi kilichotokea, aulize mfanye nini mpaka siku hiyo. Zipo barakoa ndogo zinazokaa chini ya pua tu, uso wote uko huru, unaweza hata kusoma nazo. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuanza upepo polepole ukiwa bado macho, unapanda ukishasinzia. Na kuzoea hakuanzii usiku. Ivae mchana umekaa sebuleni unaangalia tamthilia, dakika chache, ongeza, mpaka uso usahau. Gaspar atacheka. Mwache acheke, halafu mpe kazi: kila jioni yeye ndiye wa kujaza maji ya mashine na kuosha barakoa. Fundi wa kompresa asikae bure.

Kidude cha Instagram, hapana. Nisikilize vizuri, vifaa vya mdomoni vipo, ni matibabu kweli, na huenda siku moja kimoja kikakufaa. Ila hupimwa na daktari wa meno, hutengenezwa kwa meno yako na taya lako, tena taya la mtu wa umri wako bado linakua, si la kuchezewa na kitu cha kuloweka kwenye sufuria. Ukikosea unasogeza meno, na bado unakoroma. Upasuaji nao upo, una watu wake. Huenda ukawa mmoja wao, sijui, na daktari wako naye hajui, kwa sababu hajawahi kuona jinsi unavyolala wewe na mashine iliyowekwa sawasawa. Akishaona, hapo ndipo mnakaa mezani kuzungumza njia nyingine, na hapo utakuwa na haki ya kusema hii siitaki. Leo huna unachokikataa, hujakionja.

Shangazi wa Tukuyu mpelekee salamu zangu. Jinamizi halihusiki, lakini kuhusu kutolala chali hajakosea, kulala ubavu kunawasaidia wengine kidogo, na usiku umeme ukikatika ni bora kuliko chali. Parachichi mle.

Kambi je? Mama amwombe daktari barua ya kueleza kwa nini unahitaji mashine, aipeleke kwa matroni kabla ya siku ya kuripoti, azungumze naye mlango umefungwa. Kitanda kiwe karibu na soketi, ekstensheni nzuri, imekwisha. Utaenda na mashine. Wenzako watacheka usiku wa kwanza, labda na wa pili, halafu watalala, maana nao wana mtihani. Na wameshakuita Jenereta kwa sababu hukuwa na mashine, au umesahau? Ukiivaa, jenereta inazimwa. Kabla ya kuingia kambi mwambie mtu mmoja tu: Loveness. Msichana aliyenyoosha mkono kwa majibu yako mwaka mzima anaweza kukunyooshea mmoja bwenini, akawaambia wenzenu hiyo ni mashine ya kupumulia, lete swali lingine. Anadaiwa.

Sasa wewe, mwalimu, ulisema nisikufiche.

Mikanda iache. Ukiikaza kupita kiasi barakoa inakaa vibaya, inavuja zaidi na kumchubua. Umekuwa ukivuta kwa mapenzi, lakini ni uso wa mtoto. Kanisani usirudi mbele kutengua shukrani. Mungu hakudanganywa na mtu, alikuwa anamwona dubu tangu mwanzo. Lakini siku nyingine kabla hujashika kipaza sauti kuhusu mwili wa binti wa miaka kumi na sita, muulize binti. Ulimshukuru Mungu mbele ya watu wote kwa sauti ya mlio, ukamfungia mtoto mlango wa kukuambia kwamba mlio ule si yeye. Wala usimchape. Amekaa na karatasi wazi akakungoja uingie, mtoto ambaye hata jibu la darasani analificha. Unajua ilimgharimu nini? Mkumbatie, nguo zimeshakunjwa.

Na mzee wa kwenye kochi, baba, Alhamisi apande gari hilo hilo. Kidevu ni kimoja, mkoromo ni mmoja, koo la ukoo halina kinga. Mtu anayetetemesha vikombe apimwe kabla hajatushtua. Asipotaka kwenda kwa ajili yake, aende ili binti asiwe peke yake nyumba nzima anayelala na mpira usoni.

Limebaki moja, binti, nalo ndilo unaloliogopa: kumwambia daktari. Najua maneno yatakwama. Basi usiyatafute. Alhamisi mchukue dubu, umfunge barakoa vile vile kama kila usiku, uingie naye, umkalishe juu ya meza mbele ya Dokta Adelard na kaka Anwar. Watamwangalia, wataangalia kompyuta, wataelewa yote bila wewe kufungua mdomo. Wakimaliza kucheka, na watacheka, wewe vuta kiti ukae. Barakoa mpya ipimwe usoni mwako.

Mkirudi Madale mweke dubu kabatini. Yeye hajawahi kukatika pumzi, na Novemba hana mtihani.